Padi Mbili za Refa

Mara ya kwanza kuonyeshwa kadi ya njano maishani mwangu nilikuwa nimeshika ndoo. Nilikuwa nimemwaga maji machafu mbele ya chumba changu cha kuchapa, pale Mkomaindo, ng'ambo ya barabara ya hospitali, na maji yakatiririka hadi kwenye njia ya wagonjwa. Mzee mmoja mrefu, mwembamba, aliyekuwa akisukuma baiskeli, akasimama. Akaiegemeza baiskeli kwenye paja, akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akainua kadi juu kabisa kana kwamba uwanja mzima unamtazama. Akairudisha kadi mfukoni, akaendelea na safari yake. Nikabaki na ndoo yangu, nimekasirika, halafu nikacheka peke yangu mpaka mteja aliyekuwa ndani akisubiri barua yake ya kuomba kazi akatoka kuangalia kuna nini.

Huyo ndiye Refa. Masasi nzima ilimwita hivyo, na mkewe pia alimwita hivyo mbele za wageni. Alikuwa ameacha kuchezesha mpira zamani, lakini filimbi ilibaki shingoni, chini ya shati, na kadi zilibaki mfukoni. Waendesha baiskeli waliopakia watu wawili na gunia walionyeshwa kadi. Wanawake waliochomekea ndoo kwenye foleni ya bomba walionyeshwa kadi. Bwana harusi wa binti yake, aliyechelewa kufika kwenye ndoa yake mwenyewe, alionyeshwa kadi mbele ya shehe, na shehe akalazimika kuficha uso kwenye kanzu. Hiyo yote ilikuwa ya njano. Nyekundu nimeiona ikitoka mara moja tu, na nitaifikia.

Alikuwa na msemo wake mmoja ambao aliurudia mpaka watoto wa jirani wakaugeuza wimbo wa kuruka kamba: "Refa haamui kwa kusikia. Refa anaamua kwa alichokiona." Ukimletea umbea, alikuuliza ulisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, na kati yako na tukio palikuwa na nani. Baada ya maswali hayo umbea wenyewe ulikuwa umekwisha utamu. Mimi napenda umbea, sifichi, na kwa miaka ile yote sikuwahi kufaulu kumpa hata mmoja mzima.

Usije ukadhani alikuwa malaika. Mtu huyu wa haki, ukicheza naye drafti, alikuibia mchana kweupe. Ukipiga chafya, ukifumbua macho kizibo chako cha soda kimeshahama. Ukimwambia, anakuuliza: "Umeona?" Huwezi kusema umeona, maana ulikuwa unapiga chafya. Baiskeli yake nayo sikuwahi kumwona amepanda, aliisukuma tu, kutoka shambani kwake Lisekese hadi mjini, akisema miguu ya refa ikizoeshwa kukaa itasahau kazi. Na jambo la ajabu kuliko yote, mpira hakuutazama kabisa. Siku za mechi, mji mzima ukienda uwanjani, yeye alikuja kukaa kwenye benchi la mbele ya chumba changu, akageuzia mgongo upande zinakotoka kelele.

Sababu yake nilikuja kuijua baadaye, na sababu yenyewe ilikuwa mtu. Watu wakimwita Golikipa.

Golikipa alikuwa mtu wa Newala, mfupi, mpana, mwenye viganja ambavyo chungwa likiingia hulioni tena. Alidakia timu ya kwao enzi hizo Refa akichezesha. Walikuwa marafiki wa kulala nyumba moja: Refa akipanda Newala kuchezesha, anafikia kwa Golikipa, Golikipa akishuka Masasi, mke wa Refa anampikia na kumtandikia. Halafu ikaja mechi ya Masasi na Newala, kwenye uwanja wetu wa wakati ule, uliokuwa umeinama upande mmoja kiasi kwamba mpira ukiuacha peke yake unatembea. Dakika za mwisho, hakuna aliyefunga. Mshambuliaji wa Masasi akaingia na mpira mpaka ndani, Golikipa akajitupa miguuni mwake, vumbi likatimka, wote wawili chini. Refa akapuliza filimbi. Penalti. Masasi wakafunga, mpira ukaisha.

Golikipa alisema aliugusa mpira kwanza, kwa ncha za vidole. Refa alisema penalti. Golikipa akapaza sauti uwanja mzima usikie, "Niligusa!" Refa akamwonyesha kadi. Usiku huo kitanda alichotandikiwa kwa Refa hakikulaliwa, na hakikulaliwa tena.

Nilipofungua chumba changu, hayo yalikuwa yamepita miaka mingi, lakini Golikipa alikuwa anashuka Masasi kutibiwa goti pale hospitalini. Nilimwona kwa macho yangu akifika karibu na benchi la Refa, anavuka barabara, anapita upande wa pili, kisha anavuka tena kurudi, halafu anavuka mara ya tatu kwenda getini. Kwa mtu mwenye goti bovu hiyo ni kazi kubwa. Refa alimfuata kwa macho mpaka akaingia getini, kisha akaniomba maji ya kunywa hali hana kiu. Alikuwa anaumia. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kusema.

Mimi mdomo wangu hauna breki. Siku moja nilimfuata Golikipa upande wake wa barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwenzio yuko pale. Mtasalimiana lini?"

Akalitazama benchi, akanitazama mimi. "Kamwambie yule ntu," akasema kwa lafudhi ya kwao, "tutasalimiana siku atakayonipa uwanja usio na nteremko."

Nilipeleka ujumbe kama ulivyo, na nteremko wake. Refa hakucheka. Aliuweka moyoni, kama maelekezo ya kazi.

Miaka hiyo ndiyo soko la nchi lilikuwa limefunguliwa, na kila basi kutoka pwani lilishusha kitu ambacho Masasi haikuwahi kukiona. Redio za kila umbo, marobota ya mitumba, televisheni, wanunuzi wapya wa korosho wenye viatu vya ngozi. Mimi nilikuwa natumia taipureta, nikabadili nikanunua kompyuta kwa fundi mmoja wa Mtwara. Ilikuwa imeshatumika ofisini kwa watu, na ndani yake tulikuta gemu ya mpira. Ilikuwa ya zamani hata kwa wakati ule: wachezaji wadogo kama punje za mtama, wote sura moja, na filimbi yenye sauti ya jogoo mwenye mafua. Wateja wakipungua, mimi nilicheza. Nilikuwa hodari, naomba ijulikane.

Refa aliingia siku moja kunirudishia kikombe, akaiona. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Akachukua rula yangu mezani, akailaza juu ya kioo kwenye mstari wa goli moja, akaihamishia kwenye mstari wa goli la pili. Akavuta kiti.

"Mama Rehema," akasema, "uwanja huu hauna mteremko."

Basi nikatumwa tena upande wa pili wa barabara. Sijui Golikipa alikuja kwa udadisi au kwa goti kuchoka kuvuka, lakini alikuja. Hakumsalimia Refa. Alinisalimia mimi, akakaa. Nilimpa Newala, mimi nikawa Masasi, maana Refa alikataa katakata kucheza: refa hachezi. Tatizo ni kwamba gemu ile ilijua kibodi tu, na kibodi ilikuwa moja. Mimi nilikuwa na vile vitufe vya mishale, vimekaa pamoja vizuri. Golikipa alipewa herufi, moja huku nyingine kule, na viganja vyake vile kila akibonyeza moja vinabonyeza nne. Viwiko vyetu vikagongana. Halafu tukagundua kitu kibaya zaidi: mimi nikishikilia vitufe viwili na yeye akabonyeza cha tatu, kompyuta inapiga mlio wa kulalamika na mchezaji wake hasogei. Mimi nakimbia, yeye kaganda. Nikafunga goli la kwanza. Nikafunga la pili. Nilipofunga la tatu, mlio ukilia na golikipa wake wa kwenye kioo amesimama kama mgomba, Golikipa wa kweli akanyanyuka.

"Hata kwenye mashine mnatuonea!" akasema, akatoka, akavuka barabara.

Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Refa alikaa akiitazama ile kibodi, kisha akasema kwamba Golikipa ana haki. Wachezaji wawili hawawezi kugawana miguu. Kila mmoja apate chombo chake, na vyombo viwe sawasawa.

Chombo cha kwanza kilitoka kwenye robota la mitumba ya nguo za watoto, pale sokoni, kimejisokota ndani ya sweta. Ilikuwa padi, ile ya gemu za kuchomeka kwenye televisheni, ya kijivu, yenye msalaba wa kuelekezea upande wa kushoto na vitufe vinne kulia. Refa aliileta kwangu ameifunga kwenye leso. Tukazunguka kompyuta mbele na nyuma kutafuta pa kuichomeka. Hapakuwa na tundu hata moja la umbo lile. Nikampigia simu fundi wa Mtwara kutoka posta. Akacheka sana, kisha akasema inawezekana: anayo padi nyingine ya aina ileile, na akiziondoa plagi zake, akaziunga nyaya kwenye plagi ya printa pamoja na vidubwasha fulani vya kuelekeza umeme, kompyuta itazisoma zote mbili kupitia tundu la printa. Padi yetu ikapanda basi kwenda Mtwara. Baada ya muda zikarudi mbili, ya kijivu yetu na nyeusi yake, zikiwa zimeungwa kwenye plagi moja, pamoja na flopi, kile kisahani cha plastiki cha kuhifadhia programu.

Refa alizikagua kama anavyokagua viatu vya wachezaji kabla ya mechi. Akaona waya wa moja umezidi mwenzake kwa kama shubiri. Akataka ukatwe. Nilimweleza kwamba urefu wa waya haumsaidii mtu kufunga goli. Akaniuliza kama niko tayari kwenda kumweleza hivyo Golikipa. Waya ukakatwa na fundi redio wa jirani yangu, ukaungwa upya, na fundi redio hakutusemesha wiki nzima.

Likabaki suala la flopi. Fundi wa Mtwara alikuwa ameeleza kwa simu kwamba kompyuta sasa inazijua padi, lakini gemu yenyewe ni ya zamani, haizijui, na haitazijua kamwe. Kwa hiyo ndani ya flopi kuna programu ndogo ya kuidanganya: ukibonyeza kitufe cha padi, gemu inadhani umebonyeza herufi ya kibodi. Refa aliposikia neno kuidanganya, akaondoa mkono wake mezani.

"Mechi yangu haianzi kwa udanganyifu," akasema.

Nilitaka kulia. Nilizunguka na maneno mpaka nikakumbuka hospitali iliyo mbele yetu. Wapo bibi wanaoshuka kutoka kule juu Newala wasiojua Kiswahili, na nesi anasimama katikati, anachukua Kimakonde cha bibi anampa daktari kwa Kiswahili. "Pale nani anamdanganya nani?" nikamwuliza. "Padi inasema kwa lugha yake, programu inatafsiri, gemu inaelewa." Refa akafikiri. Akauliza kama mkalimani huyo anatafsiri sawa kwa pande zote mbili. Nikamwapia. Akaruhusu.

Siku padi zilipofanya kazi mara ya kwanza nilipiga kigelegele mpaka wauguzi wakachungulia barabarani. Unasukuma msalaba kwa kidole gumba, mchezaji anakimbia. Mwenzio anabonyeza, wa kwake naye anakimbia. Hakuna mlio, hakuna aliyeganda. Refa hakucheza, alizijaribu tu, akimkimbiza mchezaji mmoja peke yake kuzunguka mistari ya uwanja mtupu, taratibu, kama anayepasha misuli. Shida ilikuwa tundu. Printa na padi zilikuwa zinagombea tundu hilohilo moja, na Refa alitaka majaribio kila siku. Kuna familia ya Lisekese iliyosubiri barua yake ya mirathi nusu siku nzima kwa sababu Newala ilikuwa inapiga kona. Niligomba. Refa akatoa uamuzi: kipindi cha kwanza printa, kipindi cha pili padi, na mapumziko ni saa ya chai.

Golikipa alikuwa arudi hospitalini baada ya miezi michache. Tulikuwa na muda. Na hapo ndipo padi zilipoanza kufa.

Kilianza kitufe kimoja cha ile ya kijivu. Kikafuata msalaba wa ile nyeusi: kulia unakwenda, kushoto hauendi. Refa alizifungua mwenyewe kwa bisibisi, akazifuta ndani kwa leso, akazifunga. Zikafanya kazi siku mbili, zikafa vibaya zaidi. Akazifungua tena. Alikuja kila siku mchana moja kwa moja kutoka shambani, anakaa kwenye benchi, anaziweka mapajani, anafungua, anafuta, anafunga. Kadiri alivyozifuta ndivyo zilivyozidi kufa. Akanilaumu mimi kwa kubonyeza kwa hasira. Akaionyesha kadi ya njano programu ya flopi, nasema kweli, aliinua kadi mbele ya kioo. Akampigia simu fundi wa Mtwara na kumwambia mkalimani wake anapendelea. Fundi akakata simu.

Mimi ndiye niliyeuona unga. Nilikuwa nafuta meza nikakuta mstari wa njano pale Refa anapoweka mikono. Nikanusa. Kila mtu wa kwetu anaijua ile harufu. Ilikuwa miezi ya kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya kuua ukungu, watu wote wanarudi kutoka mashambani kope za njano, na Refa alikuwa na mikorosho yake Lisekese ambayo kila alfajiri aliipulizia kwa mashine ya mgongoni. Nikampelekea fundi redio padi zote mbili, akiwa bado amenuna. Akazifungua, akazisogeza mwangani.

"Hii nini? Mmekaanga mihogo humu?" akauliza. Ndani mlikuwa na salfa imejazana kila kona, na vile vinjia vya shaba chini ya vitufe, ambavyo vilitakiwa kung'aa, vilikuwa vyeusi tii. "Salfa inakula shaba, mama. Nani amekuwa akizifungua?"

Refa alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama ndani ya padi. Akaitazama mikono yake, akaikung'uta mikunjo ya shati, na sote watatu tukaona unga ukidondoka. Sijui alipambana na nini moyoni, maana ilichukua muda. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kadi nyekundu, akaiinua juu ya kichwa chake mwenyewe, akatoka nje. Nilimfuata kumbembeleza arudi ndani anywe chai. Akakataa. Aliyetolewa harudi mpaka mechi iishe. Akaenda kukaa juani, upande wa pili wa barabara, mpaka nilipofunga mlango jioni.

Nilimpenda sana siku ile, yule mzee. Vinjia vya shaba tulivisugua kwa ufutio wa penseli kutoka kabati langu na spiriti kidogo niliyoomba hospitalini, vikang'aa. Na tangu hapo hakugusa padi kabla ya kuoga na kuvaa shati la Ijumaa.

Golikipa alikuja. Nilimvutia kiti, nikampa padi ya kijivu, akaizungusha katika viganja vyake akitafuta ilipo hila. Refa alitangaza masharti amesimama: mapumziko wachezaji watabadilishana padi, kama wanavyobadilishana magoli. Golikipa aliposikia hilo akamtazama Refa usoni, kwa mara ya kwanza tangu mechi ile. Akatikisa kichwa kukubali.

Sitasimulia mechi nzima, maana sikushinda. Kipindi cha kwanza alikuwa mgeni, nikamfunga moja. Kipindi cha pili vidole gumba vyake vikaamka, akanirudishia, akaongeza la pili. Chumba kilijaa; wagonjwa waliokuja kupiga fotokopi walisahau fotokopi. Mwishoni kabisa mchezaji wangu akaingia ndani, akaangushwa, na ile filimbi ya jogoo ikalia. Penalti ya Masasi. Hakuna aliyethubutu kumtazama Refa. Nikapiga kushoto kwa nguvu zangu zote, na golikipa wa Newala, yule wa punje ya mtama, akaruka kushoto akaudaka.

Golikipa alinyanyuka na padi imeinuliwa kwa mikono miwili, goti bovu na yote. Kisha akamgeukia Refa.

"Uwanja ulikuwa sawa," akasema. Akakubali kikombe cha chai. Sote tulishusha pumzi. Alipofika nusu ya kikombe, akauliza kwa sauti ya chini: "Na siku ile, Refa? Niligusa au sikugusa?"

Refa akaitazama chai yake. "Refa anaamua kwa alichokiona," akasema.

Golikipa akakiweka kikombe mezani, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Tangu siku hiyo walisalimiana. Alipita upande wetu wa barabara, akacheza kila alipokuja kutibiwa, na kila mara kabla ya kuondoka aliuliza swali lake na kupewa jibu lake. Lakini nyumbani kwa Refa hakuingia, na mke wa Refa aliendelea kufua shuka za kitanda kile bure.

Biashara ya kuchapa ikaja kufa, kila mtu akawa na kompyuta yake. Ile ya kwangu, ya zamani, Refa aliiomba, nikampa, pamoja na gemu na mkalimani wake. Binti yangu Rehema alipopangiwa kufundisha Newala nikamfuata huko, na miaka ikapita sijamwona Refa.

Siku niliyokutana naye ilikuwa asubuhi yenye baridi, stendi ya Newala, ukungu bado umelala. Alikuwa anashuka kwenye basi anamgombeza kondakta kwa jinsi alivyolitupa boksi lake. Amekonda zaidi, ndevu nyeupe zote. Baiskeli yake ilikuwa juu ya basi. Ikashushwa, akalifunga boksi nyuma, akaanza kuisukuma.

"Shikamoo, Refa."

"Marahaba, Mama Rehema. Umechelewa. Shika hapa nyuma lisianguke."

Tukaenda hivyo, yeye mbele mimi nyuma, hadi kwa Golikipa. Njiani akaniambia goti limegoma kabisa, Golikipa hashuki tena Masasi, kwa hiyo yeye ndiye anapanda. Anakuja kila anapopata nafasi, analala, anarudi. Kompyuta, ile ya ndani ya boksi, haikai huko kwa sababu Golikipa atafanya mazoezi peke yake, na hiyo si haki.

Golikipa alikuwa sebuleni, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Aliponiona alinitania kwamba Masasi imeleta mashabiki. Refa akachomeka nyaya, akanawa mikono kwenye beseni, akakaa, akachukua padi nyeusi.

"Refa hachezi," nikamkumbusha.

"Refa amestaafu," akanijibu bila kugeuka.

Hakuwa anajua kucheza hata kidogo. Newala ilikuwa inaongoza kwa mabao ya aibu. Halafu, kwa bahati, mshambuliaji wake mmoja akajikuta ndani, peke yake na golikipa. Golikipa akabonyeza, yule mdogo wa kwenye kioo akajitupa miguuni, wote wawili chini. Tukasubiri jogoo. Hakulia. Mpira ulikuwa umetoka nje, kona.

"Umeona?" Golikipa akapiga paja. "Hata mashine imeona nimegusa!" Akacheka, kisha akauliza, kwa mazoea tu, kama mtu anavyouliza habari za watoto: "Na siku ile, Refa? Niligusa au sikugusa?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsaidia Refa kujibu, maana jibu nalijua kwa moyo. Lakini Refa akailaza padi magotini.

"Sikuona," akasema.

Golikipa akageuka.

"Vumbi lilikuwa limenifunika macho. Nilisikia watu wa Masasi wanapiga kelele, nikapuliza." Alisema akitazama kioo, ambako wachezaji wake walikuwa wamesimama wote wakisubiri kona ipigwe. "Niliamua kwa kusikia."

Nilimwonea huruma. Golikipa alikuwa ameinamisha kichwa, anakipapasa kitufe kimoja kwa kidole gumba bila kukibonyeza.

"Refa," akaita.

"Naam."

"Sikugusa."

Refa akamgeukia.

"Vidole havikufika. Mpira ulishapita. Nilinshika mguu yule ntoto, nikanvuta." Akainua kichwa. "Ilikuwa penalti."

Refa akatia mkono polepole kwenye mfuko wa shati, akatoa ile kadi ya njano, kingo zake zimekwisha kwa kuchakaa, akanyanyuka kutoka kitini, akaiinua juu kabisa, na uwanja mzima ukamtazama.

"Aa, Refa!" Golikipa akatandaza viganja vyake, akaviweka kifuani, akatazama huku na huku kama anatafuta wa kumtetea. "Refa, jamani! Nchezo wa zamani ule!"

Walicheka mpaka wakalia. Mke wa Golikipa akatoka jikoni, mikono ina unga, akauliza nani amefunga. Refa akajifuta macho kwa leso, akakaa, akashika padi yake. Kisha akaitoa filimbi shingoni, ile ya kweli, akaipuliza, na kona ikapigwa.